Aliyepooza Asiachwe Kitandani: Historia Fupi ya Tiba ya Viungo

  Leo nitakusimulia historia. Tafadhali usiondoke, maana historia hii inahusu kitanda ambacho huenda kiko nyumbani kwako au kwa jirani yako.

Siku moja niliingia katika boma lililo karibu na soko la Kibabii. Mama mwenye nyumba alinipokea vizuri, akaniambia, "Sista, mzee yuko ndani, amepumzika." Mzee huyo alikuwa ameanguka shambani akipalilia mahindi. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa hospitalini siku 9, akaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa za presha. Tangu hapo wiki 6 zilikuwa zimepita, naye alikuwa bado amelala chali katika chumba cha nyuma, dirisha limefungwa asipigwe na baridi. Nilipomgeuza nilikuta kidonda juu ya makalio, kimechimbika hadi kidole gumba kingeweza kuingia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja, vidole vimebana kiganja.

Mama hakuwa mzembe. Shuka zilikuwa safi, uji ulikuwa wa moto, na dawa mzee alimeza kwa wakati. Alikuwa amelishika neno moja aliloambiwa siku ya kutoka hospitalini: apumzike. Hakuna aliyemwonyesha jambo lingine. Majirani walikuwa na maoni tofauti. Wengine walisema mzee amerogwa, wengine wakasema ni mapenzi ya Mungu. Lakini juu ya kupumzika wote walikubaliana.

Neno hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwetu sisi watu wa hospitali. Kwa miaka mingi madaktari wa nchi zilizoendelea walifundisha hivyo hivyo, na iliwachukua muda mrefu kuliacha. Hebu tuone waliliachaje.

Wakati madaktari wenyewe walisema "alale"

Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1914 hadi 1918, askari aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa amekwisha. Wengi walikufa katika wiki au miezi ya kwanza. Mara nyingi hawakuuawa na risasi yenyewe. Waliuawa na vidonda vya kulalia vilivyooza, na mkojo uliokaa kwenye kibofu mpaka ukaharibu figo. Walilazwa, wakasubiriwa wafe.

Mtoto aliyepata polio naye alitulizwa kwa nguvu. Mguu wake ulifungwa kwa plasta au kwa mbao, wiki baada ya wiki, ili usipinde. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba na mgumu kama mti. Mgonjwa wa kiharusi pia aliwekwa kitandani muda mrefu, kwa imani kwamba ubongo uliojeruhiwa unahitaji utulivu tu.

Imani hiyo ilikuwa na sababu yake. Mfupa uliovunjika hupona ukitulizwa, na wakadhani mishipa ya fahamu ni hivyo hivyo. Lakini msuli usiotumika hunyauka, kiungo kisichonyooshwa hukaza, na ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu ikafa. Kitanda nacho huleta ugonjwa wake juu ya ule wa kwanza.

Elizabeth Kenny na vitambaa vya moto

Mmoja wa waliopinga desturi hiyo alikuwa Elizabeth Kenny, mwanamke wa Australia aliyezaliwa mwaka 1880. Alihudumia wagonjwa vijijini katika jimbo la Queensland, bila cheti rasmi cha uuguzi. Watoto wa polio waliofika kwake hakuwafunga plasta. Aliloweka vitambaa vya sufu katika maji ya moto, akavikamua, akavizungusha kwenye misuli iliyokaza na kuuma. Maumivu yalipopungua, alianza kukisogeza kiungo polepole, huku akimfundisha mtoto kuutafuta tena ule msuli kwa mawazo yake na kuuamrisha.

Katika miaka ya 1930 alifungua kliniki mjini Townsville. Madaktari wengi walimpinga, na mwaka 1938 tume ya serikali ya Queensland ilitoa ripoti ya kuzikataa njia zake. Mwaka 1940 alivuka kwenda Marekani, na mwaka 1942 taasisi yenye jina lake ikafunguliwa mjini Minneapolis. Maelezo yake kuhusu jinsi polio inavyoshambulia mwili hayakuwa sahihi yote. Lakini juu ya plasta alikuwa amesema kweli, na hospitali nyingi zikaiacha.

Ludwig Guttmann na saa mbili

Mtu wa pili ni Dakta Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939 kwa sababu ya mateso ya utawala wa Hitler. Mwezi wa Februari mwaka 1944, Uingereza ikijiandaa kwa mapigano makubwa ya kuikomboa Ufaransa, alipewa wodi ya majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wenzake walimwonea huruma. Ilionekana amepewa wodi ya kufia.

Guttmann hakuwa na dawa ya kuunganisha uti uliokatika, na mpaka leo dawa hiyo haijapatikana. Alichofanya ni kuondoa plasta, kutunza kibofu kwa usafi, na kuamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Ngozi zikapona. Wagonjwa wakaketishwa, wakapewa kazi za mikono na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, wanajeshi wa zamani 16 wenye ulemavu walishindana kutupa mishale kwa upinde huko Stoke Mandeville, wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mbegu hiyo ndiyo iliyozaa Olimpiki ya watu wenye ulemavu, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Kenya iliingia mwaka 1972, huko Heidelberg, Ujerumani Magharibi.

Nataka uangalie jambo moja, msikilizaji. Kumgeuza mtu hakuhitaji umeme, wala mashine, wala pesa. Kunahitaji mtu mwenye saa, na mwenzake wa kumpokea zamu.

Hapa kwetu Kenya

Nchini mwetu, polio ndiyo iliyosukuma kazi hii mbele. Mwaka 1958 ulianzishwa muungano wa kuwasaidia watu wenye ulemavu wa viungo, unaojulikana kama APDK. Ulitoa mazoezi, magongo, vyuma vya miguu na viti vya magurudumu, na mwaka 1969 ukaanzisha karakana za Bombolulu kule Mombasa, ambako watu wenye ulemavu walifanya kazi na kujipatia riziki. Kanisa la Jeshi la Wokovu lilifungua shule za watoto wenye ulemavu wa viungo, Joytown mjini Thika na Joyland mjini Kisumu. Hapa karibu nasi, Nalondo, nako kuna shule maalum ya watoto kama hao, na wengi wenu mmewaona wakipita na magongo yao.

Chanjo ya polio iliyotangazwa kuwa salama mwaka 1955, na ile ya matone iliyofuata, zilipunguza ugonjwa huo. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa chanjo mwaka 1980. Polio ilirudi kwa kuingia kutoka nje, kama mwaka 2013 katika eneo la Garissa na kambi za Dadaab, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na polio ya virusi vya asili. Ukimwona mzee wa miaka 60 anayechechemea sokoni Chwele, huenda unaona alama ya miaka ile kabla ya chanjo.

Walioumia uti wa mgongo nao walipata hospitali yao Nairobi. Ilianza kama makao ya askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili, na leo ndiyo Hospitali ya Taifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo. Imewasaidia wengi, lakini ina vitanda vichache, na kutoka Bungoma hadi Nairobi ni karibu kilomita 400. Tangu pikipiki za bodaboda zilipozidi barabarani mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana wetu wanaovunjika mgongo hawawezi kutoshea huko wote.

Kwa hiyo kizazi cha polio kilipopungua, hitaji halikuisha. Leo anayehitaji tiba ya viungo ni kuka aliyepata kiharusi kwa sababu ya presha, ni kijana wa bodaboda, na ni mtoto ambaye ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa.

Tiba inaondoka hospitalini na kuingia bomani

Mwaka 1978 mataifa ya dunia yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, yakakubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likaanza kuhimiza njia mpya: badala ya kusubiri kila mwenye ulemavu afike hospitali kubwa, jamaa zake wafundishwe mazoezi nyumbani. Mwaka 1989 lilitoa vitabu vya mafunzo vyenye picha, kwa ajili ya jamaa, walimu na wahudumu wa vijijini. Humo utaona mtoto akijifunza kutembea kati ya fito mbili zilizofungwa uani, na kiti kilichotengenezwa na seremala wa kijiji.

Kenya ilifuata njia hiyo kwa hatua. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza kwenye shule na matibabu, vile tunavyoviita EARC. Mwaka 2006 ukaja mpango wa wahudumu wa afya wa jamii, ambao leo wanapita nyumba kwa nyumba vijijini mwetu. Mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya wataalamu wa tiba ya viungo, ili anayekushika mgongo awe mtu aliyesoma na kusajiliwa. Haki za watu wenye ulemavu ziliwekwa katika sheria ya mwaka 2003, kisha katika Katiba ya 2010, na sheria mpya ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003.

Ubongo hujifunza tena

Bado lipo swali ambalo watu huniuliza: "Sista, ubongo ukishakufa upande mmoja, mazoezi yatasaidia nini?"

Zamani madaktari wengi walidhani ubongo wa mtu mzima haubadiliki. Lakini mtafiti Mmarekani, Edward Taub, aliona kwamba mwenye mkono dhaifu huzoea kutoutumia, na kadiri asivyoutumia ndivyo ubongo unavyousahau. Akajaribu kuufunga mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2006 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla. Kundi moja lilivaa glavu nene kwenye mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho, kwa wiki 2, huku wakifanya mazoezi mengi kwa mkono dhaifu. Walipata nafuu kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilidumu mwaka mzima. Hao walikuwa watu ambao kifundo cha mkono na vidole vilikuwa bado vinasogea kidogo, kwa hiyo usimfunge mgonjwa wako mkono bila kuonana na mtaalamu. Lakini somo ni la wote. Ubongo hujifunza kwa kurudiarudia, kama mtoto anavyojifunza kuandika, na sehemu iliyobaki nzima inaweza kufundishwa baadhi ya kazi za ile iliyokufa.

Ukisikia hivyo usikimbilie kumwinua mgonjwa siku ileile. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 2,104 katika nchi 5. Wale walioinuliwa na kufanyishwa mazoezi mengi mazito ndani ya saa 24 za kwanza walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya miezi 3 kuliko waliofanya kwa kiasi. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kwamba mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalifaa kuliko marefu. Haba na haba hujaza kibaba. Daktari akishasema hali imetulia, anza kidogo kidogo, kila siku, mara nyingi.

Uanze vipi nyumbani?

Mgeuze mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia. Usiku pia. Kila siku kagua makalio, kiuno, visigino na viwiko. Ukiona wekundu au weusi usioondoka, usimlaze hapo tena, na umwite mhudumu wa afya mapema.

Mketishe wakati wa kula. Anayelishwa akiwa amelala chali chakula huingia mapafuni. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikilowa, acha kumlisha na umpeleke hospitali.

Usimwinue kwa kuvuta mkono uliopooza, maana bega hutoka mahali pake. Mshike kiunoni. Mkono huo uwekee mto, usining'inie.

Nyoosha kila kiungo taratibu, mara chache asubuhi na jioni, mpaka pale kinapokataa bila maumivu makali. Kisha mpe kazi halisi ya mkono: kuchambua maharagwe, kupukuchua mahindi, kukunja nguo. Ubongo hupenda kazi yenye maana.

Dawa za presha zisiachwe hata akipata nafuu. Kiharusi cha pili hubomoa yote mliyojenga.

Na aliyeanguka kutoka pikipiki akasema hasikii miguu, asikunjwe wala asipakiwe kwenye pikipiki nyingine. Watu kadhaa wamsogeze pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, juu ya ubao au mlango, na asafirishwe akiwa amelala hivyo.

Uliza hospitalini kabla ya kutoka: "Fizio ataniona lini? Nifanye zoezi gani nyumbani?" Usione haya, ni haki yako. Sisi wauguzi pia tunakumbushwa, kwa sababu neno "apumzike" bila maelezo limeleta vidonda vingi.

Na yule mzee?

Tulimtoa chumba cha nyuma, tukafungua dirisha. Mama alimgeuza mchana, kijana wake usiku. Kidonda kilichukua miezi 4 kupona, na hakikupaswa kuwepo. Fizio wa Bungoma alituonyesha mazoezi, na mhudumu wa afya wa kijiji akawa anapita kuyakagua. Kijana alikata fito mbili za mkaratusi, akazifunga juu ya nguzo zilizofika kiunoni, mzee akawa anatembea katikati yake, hatua tatu, halafu tano. Wajukuu walihesabu kwa sauti. Siku nyingine alilia, akakataa kutoka. Siku hizo walimwacha aketi mlangoni na ungo wa maharagwe.

Vidole vya mkono wa kulia havikufunguka vyote. Zile wiki 6 hazikurudi. Mpaka leo anakula busuma kwa mkono wa kushoto. Lakini choo cha boma lile kiko hatua 30 kutoka mlangoni, na mzee huenda mwenyewe, na fimbo yake, bila kumwita mtu.

Ya kukumbuka
1. Aliyepooza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku.
2. Mazoezi yaanze mapema hali ikishatulia, kidogo kidogo na kila siku.
3. Mkono uliopooza usivutwe; upewe kazi.
4. Uso kupinda ghafla, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito ni dalili za kiharusi. Kimbia hospitalini saa hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Katika kijiji chetu, ni nani aliye kitandani tangu augue, na nani amemtembelea?
2. Ni vifaa gani vya mazoezi tunavyoweza kutengeneza kwa miti ya hapa?
3. Tutagawanaje zamu za usiku ili mzigo usimwangukie mtu mmoja?